Kamba ya Steringi

Jina la ile filamu silijui hadi leo.
Kanda ilikwishaliwa mwanzo, ikaliwa na mwisho,
tukabaki na tumbo lake tu, kama samaki wa bei ya jioni,
na kwa tumbo hilo tulilipa shilingi hamsini
kwenye kibanda cha Semkuya, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani:
mabati juu, magunia madirishani,
na joto la watoto arobaini
waliotoka chuoni wasipitie nyumbani.

Wasichana hawakuruhusiwa.
Nilivaa shati la kaka yangu Mbaruku,
mtandio nikausokomeza kwenye mfuko wa juzuu.
Kabla steringi hajavuka mpaka wake
mimi nilishavuka wangu.

Kijana, taa mkononi, kamba begani,
anatumwa mlimani kuirudisha kengele
iliyoibwa kijijini kwao.
Basi. Habari yote ndiyo hiyo.
Lugha yao hatukuijua. Semkuya naye,
sasa ndio natambua, hakuijua,
ila alikishika kipaza sauti kama mtu anayeguguna muhindi
akatutafsiria:
"Hapa anamwambia mama yake, nikichelewa msinipakulie."
"Hapa wameshaingia Amboni, hao popo mnawaona wenyewe."
Ukungu ukawa wa Lushoto.
Mto wenye mamba ukawa Zigi.
Na yule rafiki mnene anayekufa kila siku saa kumi na robo
tulimjua, ni Mhina wa mafuta ya taa,
tukamlilia, kisha jioni tukatumwa dukani kwake.

Steringi hafi! tulipaaza, steringi hafi!
Nje, tukiigiza, mimi nilipewa ufarasi.

Lakini daraja lilipokatika,
akaning'inia, kengele mkono huu, kamba mkono huu,
hata Semkuya alinyamaza.
Picha ikaisogelea kamba mpaka tukaziona nyuzi
zikiachia mmoja mmoja, nyeupe, kama mvi.
Kutoka benchi la nyuma mtoto akasema:
"Ile haikatiki. Ile katani ya kwetu."
Kibanda kizima kikaitikia, ya kwetu,
kwani baba zetu walikuwa mle, ndani ya msokoto.

Baba yangu mkono wa kulia alikuwa na vidole vitatu.
Viwili vilibaki kwenye korona.
Siku waliyoachishwa kazi alirudi kwa miguu
na kamba, mviringo mmoja, begani:
mshahara wa miezi minne.
Mama aliitazama, akaendelea kupeta mchele.

Hapo kwenye daraja kanda ndipo ilipoishia.
Mwisho aliutunga Semkuya, kwa hali yake ya siku hiyo.
Amekula vizuri, kijana anapanda na kengele yake.
Anadaiwa kodi, kengele inakwenda na maji.

Jumanne moja mwanga wa mlango ulituchoma machoni.
Baba. Alikuwa amenifuata.
Nikaukumbatia mfuko wa juzuu, nikasubiri kofi.
Akasimama, anatazama skrini,
anatazama ile kamba.
"Fundo bovu," alisema. "Angelirudia mara mbili."
Akatoa hamsini. Akakaa.

Kurudi tulihesabu barabara zote, kumi na nne, kumi na tano,
hana neno juu ya shati wala juu ya mtandio,
mpaka kumi na tisa, kwenye mtaro:
"Hivi aliachia kipi?"
Nikamwambia kanda imeliwa.
"Hm," akasema.

Baadaye nimesoma watu wanaofafanua mambo haya:
kwamba pango ni kaburi, taa ni akili,
kwamba shujaa hushuka ili arudi na kitu cha kuwagawia wenzake.
Sawa. Siwabishii.

Ile kamba baba aliwambia kitanda,
kila fundo mara mbili, kwa vidole vitatu na meno.
Nilikilalia mpaka nilipoolewa.
Nikigeuka usiku kililia kama daraja,
nami nikashika ubavu wake, gizani,
nikasikiliza kama kuna uzi unaoachia.